Kebo na Foleni ya Kwanza

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, ilimwita Kebo, na hata yeye mwenyewe akipokea simu ya ofisini alisema, "Kebo hapa." Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye dari za hospitali ile, akitambaa kwa magoti na kuvuta nyaya za kompyuta katikati ya vumbi na mavi ya popo. Ukimwambia kompyuta ya chumba cha dawa imekufa, alifumba macho kidogo kama anayesali, kisha akakwambia, "Tundu la kumi na saba, kabati la chini ya ngazi. Mtu wa usafi kaung'oa waya kwa fagio." Ukienda unaukuta unaning'inia.

Kazi hiyo hakuisomea. Aliingia pale kama fundi umeme, akajifunza mtandao kwa kuharibu na kutengeneza. Aliyesoma alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, waliyepishana miaka kumi na miwili. Huyo alifika chuo kikuu, akaajiriwa na kampuni ya mitandao, akawa mtu wa kupanda ndege kwenda kufunga mitambo kwenye miji ya watu. Kebo alimwonea fahari. Alimwonea na gere. Hivyo viwili vilikaa moyoni mwake kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.

Mama yao aliishi kwa Kebo. Kebo ndiye aliyempimia dawa za presha asubuhi na jioni, ndiye aliyemkata kucha za miguu, ndiye aliyejua mama hali kitu chochote chenye kitunguu kibichi. Lakini wageni wakija, mama alimnyooshea kidole na kusema, "Huyu wangu ni fundi. Yule mwingine ni mhandisi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema huyu mrefu, yule mfupi, na ndiyo maana iliuma. Kebo alikuwa akicheka pamoja na wageni, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa.

Basi mwaka huo hospitali ilipata tatizo. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakizungumza kwa simu ya mtandao na bingwa aliye mji wa mbali, naye akiwaelekeza huku wao mikono iko kazini. Sauti ilianza kukatika. Bingwa anasema "usikate," wao wanasikia "kate." Siku hiyo haikutokea balaa, lakini daktari alitoka chumba cha upasuaji jasho linamtiririka, akaenda moja kwa moja kwa mganga mkuu.

Kebo alihangaika wiki tatu. Alibadilisha nyaya, akabadilisha vichwa vya nyaya, akasafisha matundu kwa brashi ya meno. Sauti iliendelea kukatika. Mama Wodi, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, aliyekuwa akimwekea chai kwenye chupa kila saa nne, alimwambia asijitese, chuma nacho huchoka. Mwisho mganga mkuu aliita kampuni ilete mtaalamu. Jumatatu mtaalamu aliingia kwenye chumba cha mikutano na begi lake la mgongoni, akamkuta Kebo amekaa, akatabasamu mpaka masikioni. "Kaka, shikamoo."

"Marahaba," Kebo alijibu, na neno hilo halijawahi kuwa zito namna ile.

Mhandisi, maana ndivyo hospitali ilivyomwita tangu siku hiyo, aliwaeleza wakuu shida iko wapi. Alisema nyaya hazina kosa lolote, zimefungwa vizuri kuliko nyingi alizowahi kuona. Shida ni swichi, yale masanduku bapa yenye matundu yanayopokea habari za kila kompyuta na kuzipeleka zinakokwenda. Swichi zilikuwa zikihudumia kila kitu kwa zamu, anayewahi anapita, iwe ni sauti ya daktari au picha za harusi anazopakua karani. "Hapa kwenu mgonjwa anayetokwa damu hapangi foleni na mwenye mafua," alisema. "Mtandao nao tuufundishe hivyo." Angeweka foleni nne. Kila kifurushi cha habari hubeba alama ya namba. Swichi ingeisoma alama na kukipeleka kwenye foleni yake. Ya kwanza ni ya sauti za simu, na ikiwa na kitu, nyingine zote husubiri. Ya pili majibu ya maabara na mafaili ya wagonjwa, ya tatu kazi za ofisi, ya nne mengineyo.

Wakuu walitikisa vichwa kwa kuelewa. Kebo alikaa akitafuna shavu kwa ndani. Ule mfano wa mwenye kutokwa damu na mwenye mafua alikuwa nao kichwani miaka na miaka, tangu aliposoma habari za foleni kwenye kitabu cha swichi, kurasa alizozisoma kwa taabu na kamusi pembeni. Aliuona ukitoka kwenye kinywa cha mwingine, nao umevaa suti.

Jumapili mdogo mtu alikuja kwa Kebo kula chakula cha mchana. Walikaa sebuleni, mama kwenye kiti chake, Kebo katikati, mgeni upande wa pili. Mama alikumbuka kwamba simu yake haitoi mlio tangu juzi. Akaitoa kwenye fundo la kanga, akanyoosha mkono, na simu ikapita juu ya magoti ya Kebo mpaka kwa mdogo wake. "Hebu mwanangu, wewe mtaalamu, nitazamie."

Mhandisi alisukuma kitufe kimoja cha pembeni. Simu ikalia. Mama alipiga makofi.

Ndilo jambo lenyewe hilo. Hakutukanwa mtu, hakunyimwa mtu. Lakini Kebo hakula tena. Alisema tumbo halimwelewi, na mkewe, aliyemjua kama kiganja chake, alimtazama tu na kuondoa sahani.

Kesho yake ndugu hao wawili walikuwa kwenye chumba cha mitambo, chumba chembamba chenye baridi ya kiyoyozi na taa ndogo za kijani zinazopepesa. Mdogo mtu alikaa chini, kompyuta mapajani, akiandika orodha ya vifaa. Simu zote za mezani zilijipa alama arobaini na sita, ndiyo alama ya foleni ya kwanza. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kaka, kuna kifaa kingine kinachojipa alama chenyewe? Chochote ulichokifunga wewe?"

Kilikuwepo. Miaka miwili nyuma Kebo alifunga kamera za ulinzi, na picha zilipokuwa zikirukaruka, aliingia kwenye mipangilio ya kila kamera akaiandikia alama hiyohiyo, arobaini na sita, kwa kuwa kitabu kilisema ndiyo inayopewa heshima. Wakati ule haikusaidia kitu, kwa sababu swichi zilikuwa hazijaanza kusoma alama. Lakini namba zilibaki mle. Na kamera kumi na nne za jengo la zamani, lenye wodi ya wazazi na maabara, zilikuwa zimechomolewa baada ya majaribio, zikisubiri mashine yake ya kurekodi.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mbele ya macho yake ilipita ile simu juu ya magoti.

"Hakuna," alisema Kebo.

"Una hakika?"

"Mtaalamu ni wewe."

Mdogo wake alicheka akidhani ni utani wa kaka, akaendelea kuandika.

Foleni ziliwekwa kwa siku nne, na zilifanya kazi. Bingwa wa mbali alisikika kama yuko chumba cha pili. Daktari wa upasuaji alimkumbatia Mhandisi ukumbini, mbele za watu, na karani wa mapokezi aliuliza kama kijana ameoa. Alikuwa ameoa na watoto wawili, na bado Kebo alilichukia hata swali lile. Kila aliyempita kwenye korido alimwambia, "Hongera, nduguyo katuokoa." Alijibu asante mara nyingi mpaka neno likapoteza ladha.

Wiki ya tatu mashine ya kurekodi ikafika. Mganga mkuu alimwagiza Kebo awashe kamera zilizobaki. Za jengo kuu hazikusumbua, kwa kuwa njia zake zilikuwa pana. Jengo la zamani liliunganishwa na jengo kuu kwa njia moja tu, nyembamba, ya miaka mingi. Kebo aliijua, ndiye aliyeizika ardhini. Alijua kamera kumi na nne, zote na alama ya arobaini na sita, zitajazana kwenye foleni ya kwanza na kuikaba njia ile. Alisimama mbele ya kabati la chini ya ngazi, waya mkononi, akajiambia kwamba kitakachotokea ni simu kukwamakwama kidogo, watu wanung'unike siku moja, halafu waje kumuuliza Kebo. Ataingia, atabadilisha namba, na kwa mara moja wataona nani anaijua nyumba hii. Hayo ndiyo aliyojiambia. Akachomeka, waya mmoja baada ya mwingine.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kliniki, korido zimejaa watu, na kamera zikiona watu wengi hutuma picha nzito. Katika nusu saa simu za jengo la zamani zikaanza kukwaruza. Lakini kubwa lilikuwa jingine ambalo Kebo hakulipigia hesabu. Majibu ya maabara, yaliyokuwa foleni ya pili na ambayo lazima yapitie jengo kuu ndipo yafike wodini, hayakupita kabisa. Foleni ya kwanza haikuisha hata sekunde moja ili ya pili ipate zamu.

Wodi ya wazazi ilikuwa na mama aliyejifungua akawa anatokwa damu. Walisubiri kundi la damu yake kwenye kompyuta, na kompyuta ikawa inazungusha kile kiduara chake tu. Maabara wakasema wameshatuma. Mama Wodi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, hakusubiri kutuma mtu. Alishuka mwenyewe ngazi mbili, akachukua majibu yaliyoandikwa kwa kalamu, akapanda akikimbia. Kwenye kona ya mwisho sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Alianguka juu ya mkono wake wa kulia. Wanasema kabla ya kuinuliwa aliipitisha karatasi juu kwa mkono wa kushoto na kusema, "Ipelekeni kwanza."

Mgonjwa alipata damu, akapona. Mkono wa Mama Wodi ulivunjika kifundoni sehemu mbili.

Kebo aliposikia, alikimbilia kabatini akang'oa nyaya za kamera zote kumi na nne kwa mpigo. Majibu yakaanza kumiminika. Hakuna aliyemwona. Alisimama pale, nyaya zimemzunguka miguuni.

Kikao kiliitishwa mchana huohuo. Mhandisi alikuwa ameshasoma kumbukumbu za swichi na kuona foleni ya kwanza ilivyofurika. Kebo alikaa karibu na mlango. Alitegemea kumsikia mdogo wake akijitetea, akisema alimuuliza mtu fulani akadanganywa. Alikuwa ameshaandaa na cha kujibu.

Mdogo mtu alisimama akasema, "Foleni ya kwanza huwekewa kikomo, isimeze njia nzima. Mimi sikuweka. Niliona simu ni chache, nikaiacha wazi. Kosa ni langu." Akakaa. Hakutazama upande wa mlango hata kidogo.

Mganga mkuu alisema ataandikia kampuni imtoe kwenye kazi ile. Na Kebo, sharti lisemwe, alisikia raha. Ilimpanda kifuani kama maji ya moto siku ya baridi. Mhandisi kashindwa, mbele za wakuu, na mama atasikia. Raha hiyo ilidumu kutoka chumba cha mikutano mpaka mwisho wa korido. Hapo ikaja hisia nyingine nyuma yake, na ilikuwa tena wivu: yule mtoto alijua hata kubeba lawama. Aliibeba wima, bila kuitupia mtu. Kebo kwa miaka hamsini na mmoja hakukumbuka kama aliwahi kusema mbele za watu maneno yale, "kosa ni langu."

Alikwenda kumwona Mama Wodi. Alilazwa kwenye wodi yake mwenyewe, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, akiwakaripia wauguzi wadogo kutoka kitandani. Alimpokea Kebo kwa furaha. Alimwambia Mhandisi ameshafika kumwomba radhi, alipiga magoti pale chini, mtu mzima na shati lake jeupe, mpaka yeye akaona haya.

Hata hapo kaniwahi, Kebo aliwaza, akajichukia kwa kuwaza hivyo.

"Usimlaumu mdogo wako," Mama Wodi alisema. "Mgeni hajui mashimo ya nyumba. Ungekuwa wewe umeliona, ungetuambia."

Kebo alimwinamia. Alimwekea mto vizuri chini ya mkono ule, akatoka, akapanda ofisini kwa mganga mkuu bila kubisha hodi vizuri, na akasema yote: alama, kamera, swali aliloulizwa, jibu alilotoa, waya alioushika na alivyojua. Mganga mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwambia akabidhi funguo za chumba cha mitambo. Alipewa barua ya onyo kali na miezi mitatu ya kutogusa swichi yoyote. Angebaki kufunga taa na feni. Barua ya kwenda kampuni haikuandikwa.

Mdogo wake alikuja nyumbani jioni. Hakuingia ndani. Walisimama uani, kando ya pipa la maji, na mama ndani akiuliza ni nani huyo.

"Kaka, nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza tena kama una hakika. Sasa kwa nini?"

Kebo alitafuta sababu kubwa. Alitafuta ya miaka ya nyuma, ya shule, ya maisha. Iliyotoka ilikuwa ile ndogo. "Mama alikupa simu yake."

"Simu gani?"

"Jumapili. Ile isiyolia. Nilikuwa nimekaa palepale katikati yenu. Ikapita juu ya magoti yangu."

Mdogo mtu alimkodolea macho. Kama angecheka, Kebo angempiga. Hakucheka. "Mama wa watu kavunjika mkono," alisema taratibu, "kwa ajili ya simu isiyolia." Akageuka akaondoka bila kuaga, wala Jumapili iliyofuata hakuja, wala zile zilizofuata. Mama aliuliza, na Kebo akamweleza ukweli wote, akiwa amekaa chini mbele yake. Siku ya tatu alisema hakujua kwamba magoti ya mtu yana masikio, akataka dawa zake, na hakulizungumza tena.

Lakini kazi haikuisha. Zile kamera zilitakiwa kubadilishwa alama moja moja, na nywila zake zilikuwa kichwani mwa Kebo, nyingine akizikumbuka kwa vidole tu, akiwa mbele ya kibodi. Wiki ya saba ya adhabu hiyo Mhandisi alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu kuomba kaka yake aruhusiwe kuingia chumba cha mitambo kwa siku mbili, chini ya usimamizi. Kebo alipoambiwa "chini ya usimamizi" alikunja uso, akaukunjua, akaenda.

Siku ya kwanza walisema namba tu. Kebo alizifungua kamera zote, akashusha alama zake hadi foleni ya tatu, mdogo wake akikagua kila moja kama mwalimu asiyeamini. Alikagua kila moja. Kebo alimwachia.

Siku ya pili waliziamuru swichi zenyewe zisiamini alama ya kifaa chochote isipokuwa simu zilizosajiliwa. Kisha ukaja ule mpangilio wa kikomo, kwamba foleni ya kwanza isizidi theluthi moja ya njia. Mdogo mtu alisogeza kompyuta, akamwambia aandike yeye. Kebo alivaa miwani. Aliandika herufi moja moja, akakosea mara mbili, akarudia. Mstari ukakubaliwa. Wakawasha kamera zote kumi na nne, siku ya kliniki, korido zimejaa. Kebo alipiga simu maabara, majibu yanapita. Alipiga wodi ya wazazi. Sauti ilisikika safi, na nyuma yake kelele za mtoto mchanga.

Daktari wa upasuaji alichungulia mlangoni. Alikuwa amesikia kazi imekamilika. Alimpa Mhandisi mkono, akamwambia hospitali haitamsahau, na kwa Kebo akainua kidole gumba akiwa ameshageuka kuondoka.

Mlango ulipofungwa, Kebo aliendelea kukiangalia kioo cha kompyuta. "Naona gere," alisema. "Sasa hivi, hapa nilipokaa. Nakuambia mapema."

Mdogo wake hakushangaa. Alivuta kiti karibu. "Nimesikia, kaka," alisema. "Nisomee tundu linalofuata, tumalizie ukaguzi."

Kebo alisoma tundu la ishirini na mbili, kisha la ishirini na tatu. Mkono wa Mama Wodi ulipona, ingawa kifundo hakikukunjika tena sawasawa mpaka alipostaafu mwaka uliofuata, na kila Kebo alipomwona akishika kikombe kwa mkono wa kushoto alitazama pembeni. Mdogo mtu alirudi kula Jumapili. Hawakuwa kama zamani. Walikuwa wakisalimiana vizuri, wakiulizana habari za watoto, na swali la kazi likiulizwa, Kebo alijibu lote, hata lile asiloulizwa.